Mpishi wa Bure: Tulivyopima Nguvu za Xiangling Hapa Kaaga

Jumamosi moja ya Aprili, mvua ya masika ilikuwa imeifunga barabara ya Meru kwenda Maua, na hapa kwetu Kaaga vijana wa bodaboda walikuwa wamejibanza chini ya vibaraza vya maduka. Mpwa wangu, msichana wa mwaka wa kwanza chuoni, alikuwa ameketi mezani kwangu, simu ikichaji, uso umemshuka.

"Anko," akaniambia, "nimepewa mpishi. Wenzangu hosteli wanasema wa bure hafai. Wananiambia nifute akaunti nianze upya. Wewe unaonaje?"

Mpishi huyo ni Xiangling, msichana wa mkuki katika mchezo wa Genshin Impact, uliotolewa na kampuni ya miHoYo ya Shanghai tarehe 28 Septemba 2020. Mchezaji huzunguka dunia kubwa akiwa na kikosi cha watu wanne, akiwabadilisha mmoja baada ya mwingine katikati ya vita. Wahusika wengi hupatikana kwa bahati nasibu. Wachache hutolewa bure. Amber, Kaeya na Lisa hujiunga nawe mwanzoni kabisa mwa hadithi. Barbara, mganga wa kanisa la mji wa Mondstadt, huja baadaye kidogo. Xiangling naye hupewa mtu yeyote anayemaliza chumba cha 3 cha orofa ya 3 katika Spiral Abyss, jumba la mapambano lenye orofa 12.

Nilimwomba mpwa wangu asifute chochote. Nikaleta daftari na kalamu, naye akaniangalia kama anayetarajia mawaidha. Nilitaka tufanye hesabu.

Mtaa huu wetu umezoea mitihani. Wamethodisti walijenga misheni hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, na leo ukisimama Kaaga umezungukwa na shule: Kaaga Girls, Kaaga Boys, na Chuo Kikuu cha Methodist Kenya kilichopata hati yake mwaka 2006. Mtoto wa hapa anajua kwamba jina la shule aliyotoka halijibu swali hata moja kwenye karatasi. Lakini mtoto huyo huyo akishika simu, anamhukumu mhusika kwa nyota zilizo chini ya jina lake na kwa bei aliyompata nayo. Hilo linanisumbua kuliko muda wanaoutumia kucheza.

Methali ya rahisi ghali tumelelewa nayo sote. Katika viatu na simu ni kweli mara nyingi. Katika michezo hii, wanaouza ndio wanaofaidi tukiiamini.

Bahati nasibu yenyewe inafanya kazi hivi. Mvuto mmoja hugharimu vito 160. Uwezekano wa kumpata mhusika wa nyota 5 kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6. Ukivuta mara 10, uwezekano wa kutoka bila hata mmoja ni takribani 94 kati ya 100. Mchezo unakuhakikishia mmoja ukifika mvuto wa 90, yaani vito 14,400, na hata hapo anaweza kuwa si yule uliyemtaka. Kifurushi kikubwa zaidi dukani huuzwa dola 99.99, zaidi ya shilingi 12,000 za Kenya, na kwa bei ya kawaida hukupa vito 8,080 pamoja na nyongeza. Hiyo ni mivuto 50. Pesa inayoweza kulipa kodi ya chumba cha mwanafunzi haifiki hata mlango wa uhakika.

Januari 2025, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza makubaliano na Cognosphere, kampuni inayousambaza mchezo huu kwa jina la HoYoverse: kampuni ilipe dola milioni 20, na isiwauzie watoto walio chini ya miaka 16 bahati nasibu hiyo bila idhini ya mzazi. Tume ilisema watoto na wachezaji wengine walipotoshwa kuhusu uwezekano wa kushinda na gharama halisi. Nilimsomea mpwa wangu habari hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri: "Sasa nitajuaje kama huyu wa bure anatosha?"

Wengi hupima kwa kutazama namba kubwa inayoruka juu ya kichwa cha adui. Mhusika akitoa pigo moja la 20,000, wanashangilia. Anayetoa mapigo ya 3,000 wanamdharau. Hawaulizi pigo lile kubwa linarudi baada ya muda gani, wala wenzake wanafanya nini wakati yeye anapiga, wala kama adui bado amesimama pale pale.

Wazee wa Kimeru wana mchezo wao wa kete na mashimo uitwao kiothi, ndugu wa bao la pwani. Anayejifunza hutazama kete anazokula sasa hivi. Mjuzi hutazama kete zitakavyolala baada ya mkono wake kuondoka ubaoni. Xiangling ni mhusika wa kupimwa kwa jicho la huyo wa pili, maana kazi yake kubwa huifanya akiwa ameshaondoka uwanjani.

Ana mbinu mbili. Ya kwanza ni kumwachilia Guoba, mnyama wake mdogo anayefanana na panda, ambaye husimama mahali pamoja na kutema moto mara 4. Katika kiwango cha kwanza kila mtemo una nguvu ya asilimia 111 ya shambulio la Xiangling. Ya pili ndiyo iliyompa jina: Pyronado, gurudumu la moto linalomzunguka mchezaji kwa sekunde 10. Anapoliwasha hupiga mara tatu kwa asilimia 72, 88 na 110. Kisha gurudumu huanza kuzunguka, na kila linapomgusa adui hupiga asilimia 112. Ukimbadilisha Xiangling, gurudumu haliondoki naye. Linabaki likimzunguka yeyote aliyeingia.

Tukaandika daftarini. Chukua shambulio la 1,000, namba ya mfano tu. Gurudumu likigusa mara moja ni 1,120. Adui akiwa wa kiwango sawa na chako, ulinzi wake hukata nusu: 560. Maadui wengi wa kawaida wana ukinzani wa asilimia 10 dhidi ya moto, kwa hiyo zinabaki 504. Katika sekunde 10 gurudumu humpitia adui aliye karibu takribani mara 8. Hiyo ni 4,032, bila kuhesabu yale mapigo matatu ya mwanzo, bila Guoba, na bila pigo la bahati linaloongeza madhara.

"Si nyingi," mpwa wangu akasema.

Kweli, si nyingi. Kama tungeishia hapo, wenzake wangekuwa karibu na haki. Lakini katika mchezo huu elementi mbili zikikutana juu ya mwili wa adui hutokea mmenyuko. Moto ukimkuta adui aliyeloa maji, pigo huzidishwa kwa 1.5. Ukimkuta mwenye barafu, huzidishwa kwa 2. Zile 504 zinakuwa 756 kwa maji au 1,008 kwa barafu, na Xiangling hajaongezewa silaha wala kiwango.

Ndipo tukafika kwenye sheria ambayo watu wengi hucheza mwaka mzima bila kuijua. Mashambulizi mengi yanayopiga haraka haraka hayaruhusiwi kupaka elementi kila yanapogusa. Kwa kawaida hupaka kwa pigo moja kati ya matatu, au baada ya sekunde 2.5 kupita. Mapigo ya katikati hutoa madhara yake lakini hayaleti mmenyuko. Pyronado haifungwi na sheria hiyo. Kila mguso unapaka moto. Maana yake ni kwamba ukiwa na mwenzako anayeweza kumlowesha adui bila kukoma, kila mzunguko unazidishwa, wa kwanza hadi wa mwisho. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo thamani yake yote. Ukimwondolea msamaha huo, Xiangling anabaki mpishi mwenye mkuki.

Ili tusijidanganye tulimlinganisha na Amber, mpiga upinde wa moto ambaye naye ni wa bure na ndiye wa kwanza kabisa kukutana nawe. Shambulio lake kuu ni mvua ya mishale inayoangukia mahali pamoja kwa sekunde 2, jumla ya asilimia 505. Pyronado, ukijumlisha mapigo ya mwanzo na migusano 8, inapita asilimia 1,100. Mpwa wangu akataka kuandika jibu pale pale. Nikamzuia. Mvua ya Amber hudai nishati 40 tu na hupumzika sekunde 12. Gurudumu la Xiangling hudai nishati 80 na hupumzika sekunde 20. Katika muda ule ule Amber anaweza kurudia karibu mara mbili. Kwa karatasi peke yake pengo linapungua sana.

Basi tukaondoka kwenye karatasi tukaingia uwanjani, simu yangu ikishika saa. Kwanza tulimwendea Cryo Regisvine, ua kubwa la barafu lililokita mizizi mahali pamoja. Amber hakuaibika. Adui hasogei, mishale yote inampata, na moto juu ya barafu unamfaa yeye pia. Xiangling alimaliza mapema zaidi, lakini tofauti haikuwa ya kumcheka mtu.

Kisha tukaenda kwenye kambi ya hilichurl, wale viumbe wenye vinyago wanaokimbia huku na huko na marungu. Hapo mambo yakageuka. Amber akiita mvua, maadui wawili wanabaki chini yake, wengine watatu wamekwisha kumfuata mchezaji upande wa pili. Nusu ya mishale inachoma nyasi. Gurudumu la Xiangling halina shida hiyo, kwa sababu linamzunguka mchezaji, na maadui wenyewe ndio wanaomkimbilia mchezaji. Wanajileta motoni. Tulirudia mara tatu, na kila mara kambi ya Amber ilikuwa bado ina watu ilhali ya Xiangling ilikuwa kimya.

Vita vingi katika mchezo huu vinafanana na kambi ile kuliko lile ua.

Nishati ndiyo deni la mpishi, na anayemsifu Xiangling bila kulitaja anamdanganya msomaji. Guoba akitema moto mara 4 hutoa chembe 4 za nishati. Xiangling akizipokea akiwa uwanjani, kila moja humpa 3. Jumla 12. Anahitaji 80. Hata ukimwachilia Guoba mara mbili kabla ya kuwasha gurudumu tena, umepata 24. Mchezaji mpya hukutana na hali hii bila kujua sababu: anawasha gurudumu mara moja, linapendeza macho, kisha anakaa dakika nzima akisubiri lijae. Anamwita mhusika mbovu. Mpwa wangu alikuwa amefika hapo hapo.

Dawa zipo tatu, na mbili hazina malipo. Ya kwanza ni mkuki uitwao The Catch. Uvuvi uliingizwa katika toleo la 2.1, Septemba 2021, na katika visiwa vya Inazuma kuna mtu anayebadilishana mkuki huo kwa samaki. Unavua, unapeleka, unapewa. Ukifika kiwango cha juu humwongezea mshikaji asilimia 45.9 ya kujaza nishati, na ukiusafisha hadi mwisho, kwa samaki vile vile, huongeza madhara ya shambulio kuu kwa asilimia 32. Kuna mikuki ya nyota 5 inayouzwa kwa bahati nasibu ambayo haimfai Xiangling kuliko huu wa samaki. Mwanafunzi mwenye subira ya jioni chache za uvuvi anaupata bila kugusa M-Pesa.

Ya pili ni mavazi, vitu anavyovaa mhusika ili kuongeza uwezo wake. Seti ya Emblem of Severed Fate huongeza kujaza nishati kwa asilimia 20, kisha hugeuza robo ya kiwango chote cha kujaza nishati kuwa madhara ya shambulio kuu. Tulipiga hesabu: asilimia 100 za kuzaliwa nazo, 45.9 za mkuki, 20 za seti na 51.8 za vazi la aina ya saa lililokuzwa hadi mwisho ni 217.7. Robo yake ni asilimia 54 za madhara ya ziada. Yaani dawa ya deni inageuka kuwa nguvu. Mavazi hayo hupatikana kwa kupigana katika pango moja la Inazuma siku baada ya siku, na hapo ndipo subira inapojaribiwa kweli, kwa sababu namba za mavazi hutoka kwa bahati.

Dawa ya tatu ni mwenzake, Bennett. Huyu ni kijana wa moto pia, mbinu yake hurudi haraka na hutoa chembe mbili au tatu kila mara. Ukimpa Bennett apige, kisha ukamwingiza Xiangling upesi azidake zile chembe, nishati yake inapanda mbele ya macho yako. Zaidi ya hapo, Bennett huweka duara linalomwongezea shambulio aliyesimama ndani yake. Na hapa tena Xiangling ana neema nyingine: gurudumu hukumbuka hali yake ya wakati lilipowashwa. Likiwashwa ndani ya duara la Bennett, linabaki na nguvu hiyo sekunde zote 10, hata kama mchezaji amekimbilia mbali na duara limezimika. Ndiyo maana mpangilio una uzito: Bennett kwanza, Xiangling baadaye. Ukiwageuza, umeiacha nguvu hiyo chini.

Bennett si wa bure kwa uhakika. Ni wa nyota 4, hutokea katika mivuto, na mara kwa mara hununuliwa kwa Starglitter unayoikusanya kutoka katika mivuto yako. Mpwa wangu hakuwa naye. Kwa hiyo tulimjengea kikosi cha watu aliopewa tu: Xiangling, Kaeya, Barbara na Msafiri wa upepo anayekuwa nawe tangu mwanzo. Kaeya, kijana wa barafu mwenye ngozi ya maji ya kunde na kitambaa jichoni, ana vipande vya barafu vinavyomzunguka mchezaji kama gurudumu la Xiangling linavyozunguka. Viwili hivi vikizunguka pamoja, barafu inapaka na moto unayeyusha, tena na tena. Kila mtu aliye kikosini amepatikana bila shilingi. Kikosi hicho kilimpandisha mpwa wangu orofa ambazo alikuwa amekwama wiki mbili.

Nataka kusema jambo kuhusu Kaaga ambalo mwandishi wa Shanghai au London hawezi kuliona. Mchezo huu hauna seva Afrika. Ukiufungua unachagua Amerika, Ulaya, Asia, au ile ya Taiwan, Hong Kong na Macao. Sisi tulichagua Ulaya. Kila kidole kinapogusa kioo, habari husafiri kaskazini na kurudi, na mvua ikinyesha Meru au watu wa hosteli nzima wakiingia mtandaoni saa mbili usiku, unaona adui ameinua rungu, unaruka pembeni, na rungu linakupata vile vile. Simu nazo si zile za matangazo. Mchezo ulipotoka, watengenezaji walipendekeza simu ya Android yenye RAM ya GB 4 na kuendelea; ya mpwa wangu imefika hapo kwa ncha ya ukucha, na baada ya dakika 20 inachemka mkononi hadi picha zinaanza kurukaruka.

Katika hali hiyo, mhusika anayehitaji kulenga kwa makini ni mzigo. Amber anapiga vizuri zaidi anapolenga udhaifu wa adui, na kulenga kwenye kioo kinachoruka ni kazi ya kukatisha tamaa. Wahusika kadhaa wa nyota 5 wanadai mfululizo wa vidole wenye muda kamili. Gurudumu la Xiangling halidai hayo. Unalibonyeza mara moja, kisha linafanya kazi lenyewe hata picha ikiganda nusu sekunde. Kwa mchezaji wa bando la wiki na simu ya kawaida, ubora huo ni mkubwa kuliko namba yoyote tuliyoiandika daftarini, na sijaona orodha ya ubora ya ng'ambo inayouhesabu.

Wapo watakaosema kwamba Xiangling ni bahati tu, na kwamba zawadi za kampuni kwa kawaida ni makombo. Mfano wao ni Aloy. Mwaka 2021 kampuni ilimtoa bure kwa wachezaji waliokuwa wamefika daraja la 20: Septemba kwa wenye PlayStation, Oktoba kwa wengine. Ni wa nyota 5, mpiga upinde wa barafu aliyeazimwa kutoka mchezo wa Horizon Zero Dawn. Watu walishangilia. Kisha wakamweka uwanjani. Nguvu zake nyingi zinamtaka abaki mbele akipiga mishale kwa muda mrefu, zinawasaidia wenzake kidogo tu, na hakuna namna ya kumkuza kwa nakala za ziada kama wengine. Leo ni nadra kumwona katika kikosi cha mtu anayepanda orofa za juu. Zawadi mbili kutoka mkono mmoja: ya nyota 5 imekaa kabatini, ya nyota 4 iko vitani kila siku.

Kampuni hiyo hiyo ilirudia mwishoni mwa Desemba 2023 katika mchezo wake mwingine, Honkai: Star Rail, kwa kumgawa bure Dr. Ratio, wa nyota 5. Huyu ni habari tofauti. Akitumia mbinu yake ana uwezekano wa asilimia 40 wa kuongeza pigo la pili lenye nguvu ya asilimia 270, na kila udhaifu uliobandikwa kwa adui huongeza uwezekano huo kwa asilimia 20. Udhaifu ukiwa 3, pigo la pili halikosi kamwe. Peke yake ni wa kubahatisha. Akiwa na wenzake wa kumdhoofisha adui, ni wa uhakika. Na kwa kuwa mchezo huo ni wa zamu kama drafti, kusuasua kwa mtandao hakumuui mtu. Kwa vijana wa Kaaga wanaoniuliza waanze na upi, huo ndio ninaowatajia kwanza.

Nirudi kwa mpishi, maana sijamaliza kasoro zake. Mkuki wake wenyewe, ukimwacha apigane kwa mikono bila moto, ni wa kawaida kabisa. Shambulio lake la asili katika kiwango cha 90 ni 225, na wapo wengi wanaompita. Haponyi. Hajikingi. Guoba hutema kwa umbali mfupi na akisimama vibaya anachoma hewa. Gurudumu nalo ni la karibu: adui anayeruka angani au anayepiga kutoka mbali hulikwepa. Na sekunde 10 ni chache. Zinakuwa 14 ukipata nakala zake za kutosha kufika hatua ya 4, jambo ambalo mchezaji asiyelipa hulifikia polepole. Yapo mapambano ya adui wa moto ambapo hafai hata kidogo, kwa sababu moto hauchomi moto.

Lakini yote hayo ni mambo ya kujua ni lini umtumie. Hayasemi afutwe.

Jioni ile mvua ilipokatika mpwa wangu alikuwa amejaza kurasa tatu za daftari langu kwa mwandiko wake mdogo. Alikuwa ameanza kuwapima wengine: Barbara anapaka maji mara ngapi, vipande vya Kaeya vinakaa sekunde ngapi, Msafiri wa upepo anaweza kuwavuta maadui wangapi kuelekea kwenye gurudumu. Hakuna mwalimu aliyemwambia apige asilimia siku ya Jumamosi. Alipokuwa akifunga simu akanionyesha ujumbe aliouandika kwa wenzake wa hosteli. Ulikuwa mstari mmoja na hesabu chini yake.

Wazazi wa Kaaga na kwingineko, mtoto akikuomba pesa ya kununua mhusika, kabla ya kumkaripia au kumtumia, mwambieni akae nanyi awaonyeshe alio nao tayari. Mwulizeni kila mmoja anapiga nini, kwa sekunde ngapi, akisaidiwa na nani. Akishindwa kujibu, hajawajua bado, na wa kununua hatamjua pia.

Nanyi vijana mnaoshauriana kufuta akaunti usiku wa manane na kumaliza bando kwa kupakua upya: hukumu yangu juu ya Xiangling, baada ya miaka ya kucheza naye na jioni moja ya kumpima kwa kalamu, ni kwamba hakuna mhusika wa bure katika mchezo ule anayemfikia, na walio wa kulipiwa wanaomzidi katika kazi yake ni wachache. Yuko orofa ya 3, chumba cha 3. Nendeni mkamchukue.